Ukurasa wa Shukrani

Miaka minne niliishi na marehemu niliyemdharau. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za kanisa wa karne ya kumi na saba, mpiga kinanda wa hapa hapa Brussels, nami nilitoka Moshi kuja kuandika tasnifu ya udaktari juu yake. Hakuna aliyemjua. Nilipomjua nilielewa kwa nini.

Muziki wake haukuwa mbaya. Kichefuchefu kilikuwa kurasa za mwanzo, ambako kila kitabu alikitabaruku kwa bwana mkubwa fulani. “Kazi hii ni majani makavu, jua la uso wako ndilo linaloyapa uhai,” alimwandikia mtawala mmoja. Mtawala alipofariki, adui yake akapewa jua lile lile, neno kwa neno. Sura ya pili nzima ya tasnifu nilimchana. Siku hizi tungemwita chawa.

Mwenye nyumba wangu kule Koekelberg, mama wa Lubumbashi, nilimtafsiria sentensi ile huku nikicheka. Hakucheka.

“Mutoto yangu, ule muntu alikuwaka na batoto?”

“Saba, maman.”

“Bon. Alors, ulitaka bakule nini?”

Nikamwona hajui mambo ya sanaa.

Kisha kibali changu cha kuishi kikakaribia kwisha, na hakingeongezwa bila saini ya profesa wangu kwamba tasnifu imekubalika. Alikuwa nayo tangu Februari. Kila wiki aliniambia anaisoma, mwongo yule, na kila wiki niliikuta dirishani pake, imewekewa kopo la maua juu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaandika ukurasa wa shukrani, na kwa hasira nikaiba sentensi ya mtunzi wangu yote: kazi yangu majani makavu, uso wa profesa jua. Kama alikuwa amefungua sura ya pili, angeitambua, na mimi ningekuwa nimekwisha.

Aliusoma mbele yangu mara mbili, masikio yakamwiva. Akasema hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwandikia maneno ya kweli namna ile. Akaondoa kopo la maua, akasaini.

Nilirudi nyumbani nikichekelea. Maman alikuwa jikoni anachambua sombe, kisamvu cha kwao.

“Alisaini?”

“Amesaini, maman.” Nikamwambia nilichoandika.

Aliikumbuka sentensi. Aliendelea kuchambua majani yake kwanza, bila kunitazama.

“Donc, ule alikuwaka na batoto,” akasema. “Na weye?”