Mtoto Aliyetoka Bila Kuingia

Gereza la wanawake nililofungwa, kule juu kati ya Njombe na Makambako, halikujengwa kwa ajili ya wanawake. Wala halikujengwa kwa ajili ya watu. Lilikuwa ghala la pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Haya nilisimuliwa na bibi mmoja wa Lupembe, mfungwa mwenzangu aliyekuwa kwenye kifungo chake cha tatu, na aliyasimulia kwa fahari kama historia ya ukoo wake. Pareto ilikosa soko, ghala likabaki tupu, wanawake wakorofi wakapatikana, wakaletwa. Hata kanuni zilizobandikwa ukutani zilitoka gereza la wanaume. Ya nne ilituamuru tunyoe ndevu kila Jumamosi. Basi kila Jumamosi afande alipita akitukagua videvu, akaandika kwamba wafungwa wote wametii.

Sitalisema vibaya lile ghala kwa kila kitu. Vumbi la pareto lilikuwa bado limejaa kwenye nyufa, chawa hawakuthubutu kuingia. Baridi ndiyo iliyotutesa. Mwezi wa sita tulilala watatu watatu, mablanketi tumeyaunganisha, na nafasi ya katikati ilikwenda kwa zamu. Mimi nilipewa ya katikati moja kwa moja kwa sababu nilikuwa mjamzito.

Nilifungwa kwa ajili ya moto. Nilichoma mabua shambani, upepo ukageuka, moto ukala miti ya jirani. Miaka miwili, na kwa tabia njema ikapungua theluthi.

Siku ya kujifungua walinipeleka hospitali. Nilirudi na binti yangu mgongoni, nimemfunika gubigubi kwa blanketi na sweta juu yake, kama mwanamke yeyote wa kwetu anavyofanya kukiwa na umande. Askari wa getini aliona mfungwa mwenye nundu ya mablanketi. Akaandika: katoka mmoja, karudi mmoja.

Mtoto akakua. Alipewa uji, alibebwa na kila mtu, na kwenye hesabu ya asubuhi alichuchumaa mstarini pamoja nasi kabla hajajua kusimama. Hakuna aliyekumbuka kitabu cha getini.

Aliyekikumbuka ni askari mgeni, kijana wa Lindi aliyevaa sweta mbili, asubuhi ya Jumatano niliyomaliza kifungo. Nilisimama mbele yake na furushi langu na mtoto wa miezi kumi na moja.

“Huyu aliingia lini?”

“Hakuingia, afande. Alizaliwa.”

Akapekua kitabu mwanzo hadi mwisho. “Hayumo. Siwezi kumtoa mtu ambaye hayumo. Wewe toka, mama. Yeye abaki mpaka mkuu arudi kutoka Makambako.”

“Atarudi lini?”

“Ijumaa, labda.”

Nilikaa chini pale pale. Nilimwambia sitoki. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba kifungo changu kimekwisha, kwa hiyo nikiendelea kukaa gerezani ninatenda kosa, na kwa kosa hilo naweza kufungwa. Nilimuuliza nikifungwa nitakaa wapi. Akafikiri kidogo, akasema hapa hapa. Nikamwambia basi anifunge. Nilikuwa natetemeka, na haikuwa baridi. Bado nilikuwa namnyonyesha yule mtoto, na mtu huyu alitaka nimwache kama mwavuli uliosahaulika.

Bibi wa Lupembe, aliyekuwa akifagia karibu, akaacha ufagio.

“Kamwene, afande,” akamsalimia kwa lugha ya kwao.

“Kamwene, bibi.”

“Ukitaka awemo kitabuni, si aingie?”

“Ataingiaje na yuko ndani?”

Bibi akageuka. Alimtazama afande wa kike aliyekuwa anakwenda kunywa chai. Yule afande wa kike akamchukua mtoto, akamweka mgongoni, akamfunika blanketi na koti lake la kazi, akapita getini. Mizigo ya askari haiandikwi. Sekunde chache baadaye akagonga kutoka nje.

“Nani?” akauliza kijana wa Lindi, kwa sauti ya kazi.

“Nimeleta mgeni. Anamtembelea mama yake.”

“Siku ya wageni ni Jumapili.”

Yule afande wa kike akasema, “Ametoka mbali.”

Kijana akaandika. Mgeni, mmoja, ameingia saa nne na dakika tano. Nilipewa mwanangu mikononi, tukatembeleana pale getini kama dakika tano. Kisha akaandika mgeni ametoka, mfungwa ametoka, akatufungulia, na alikuwa anatabasamu kwa kuwa kitabu kimekaa sawa.

Nje mama yangu alikuwa ananingoja kando ya barabara. Lori la majani ya chai lilipita likinguruma. Mtoto alilitazama, akamtazama bibi yake aliyenyoosha mikono, kisha akageukia lile lango na kupiga kelele nisizowahi kuzisikia kwake, mikono yote miwili ameielekeza kule.

“Ni baridi,” mama akasema. “Mfunike.”

Nikamfunika na kutembea haraka. Haikuwa baridi. Mwanangu alikuwa analilia kwao.