Madabodi ya Mwahija na Filamu ya Wanawake

Mwahija wa Kilwa Masoko anapiga video za harusi, na katika kazi hiyo ana kitu ambacho wanaume wenye kamera kubwa kuliko yake hawana: yeye anaingia ndani. Siku ya singo, bibi harusi anaposuguliwa na kupambwa, wanawake wamevua mabaibui, wamefunga khanga viunoni na wanacheza yale wanayocheza wakiwa peke yao. Mwanamume hapiti mlango huo, hata awe nani. Mwahija anapita, na anachokipiga humo anakikata na kukiunga mwenyewe nyumbani kwake, macho ya kiume yasikione ng'o. Ndiyo sababu wanamwita.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Ni ya mezani, ya zamani, iliyochakazwa kwenye ofisi za watu kabla ya kumfikia yeye. Kila alipoiamuru itoe filamu nzima ilinguruma, ikapata moto, kisha ikaganda katikati. Majirani hawakuishiwa ushauri. "Si umpelekee Abdulatifu pale stendi? Mashine yake mpya, anakutolea filamu unakunywa chai!" Walisahau jambo dogo tu, kwamba Abdulatifu ana macho.

Safari hii haikuwa kazi ya kupigwa danadana. Filamu ilikuwa ya singo ya Rukia, binti pekee wa Bi Maimuna. Wakati binti anachezewa ngoma, mama mtu alikuwa kitandani hospitalini Lindi. Ndiye mwenyewe aliyetuma neno kwamba harusi isisimame kwa ajili yake. Sasa amerudi, anatembea kwa mkongojo, na fungate ya Rukia inaisha Ijumaa. Jumamosi asubuhi mumewe anamchukua kwenda Bukoba, huko mwisho wa nchi.

"Shikamoo, mama," Mwahija alimwamkia alipokwenda kumpa pole.

"Marahaba, mwanangu. Ile filamu nataka niione yeye akiwa hapa ubavuni kwangu. Akishaondoka, nitaitazama na nani?"

Mwahija akajibu kwamba Ijumaa itakuwa tayari, inshallah. Lakini aliijua mashine yake.

Akaenda kwa Josephat, fundi kijana mwenye asili ya Milola, ambaye kibanda chake kimejaa matumbo ya kompyuta kuanzia sakafuni hadi darini. Josephat akaifungua ile mashine, akapuliza vumbi, akapiga mluzi.

"Dada Mwahija, umekalia mali hujui! Hii prosesa, ubongo wake, ni ya aina inayokubali kupandishwa kasi, ikakimbia kuliko ilivyotoka kiwandani. Anayeikaba ni madabodi, bao hili linaloshikilia kila kitu humu ndani. Hii haina ruhusa hiyo, na hata ingekuwa nayo, umeme inaoupitisha ni wa kubabaisha. Tubadilishe madabodi, prosesa ibaki ileile."

"Itakimbia kiasi gani?"

"Sikudanganyi, si miujiza. Kazi ya kutwa nzima itaisha alasiri. Lakini itaisha."

Akamtolea madabodi mbili kuukuu, zote zinaikubali prosesa ile. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ina michirizi myekundu na taa pembeni, na Josephat alipoichomeka kwenye umeme ikawaka rangi zote za duniani. Ya pili ilikuwa ya rangi ya udongo, haina urembo wowote, ila pembeni ya kitako cha prosesa ilibeba vipande vinene vya chuma.

Mwahija, niseme ukweli, alipenda ile ya taa. Alipenda mpaka akaanza kuiwazia mahali pa kukaa ili wateja waione.

"Hii hapa," alisema.

"Dada, unachagua madabodi au unapamba bibi harusi?" Josephat akacheka, kisha akamgeuzia zote mbili. "Tazama hapa umeme unapopita kwenda kwenye prosesa. Ukipandisha kasi, hapa ndipo panapoungua kwanza. Hii ya taa wamepaacha uchi. Hii nyingine imevishwa chuma cha kupozea. Ya taa ingekufaa kama ungekuwa unakaa Lushoto kwenye baridi."

Mwahija akakifikiria chumba chake, bati juu bila dari, jua la saa saba. Akaiangalia ile ya taa kwa mara ya mwisho, akaguna, akaiinua ile ya udongo. "Basi, nipe huyu asiye na sura."

Josephat akamfuata nyumbani, maana Mwahija hakukubali diski yenye filamu ilale kibandani hata dakika moja. Aliichomoa mwenyewe, akaifunga kwenye leso, akaitia kifuani. Fundi alipomaliza kufunga madabodi, feni na nyaya, Mwahija akairudisha diski kwa mkono wake, Josephat akapandisha kasi, kisha akasema neno lililoharibu hali ya hewa.

"Sasa tuijaribu kwa kazi nzito. Anzisha filamu, niitazame inavyokwenda."

"Uitazame?"

Mwahija akaingia ndani, akatoka na khanga, akakifunika kioo chote, akaacha kona moja tu ya chini ambako namba za joto zilionekana. "Tazama hapo. Jicho likipanda juu, mimi na wewe basi."

Josephat akakaa anaitolea macho kona ile, mikono magotini, mtiifu wa kuchekesha. Namba zikapanda, zikapanda, zikasimama. Zote zikaganda.

"Imegoma! Ngoja nione imeandika nini..."

"Huoni kitu!" Mwahija akaingiza kichwa chini ya khanga, akamsomea maneno herufi kwa herufi, jasho likimtoka. Josephat akasikiliza amefumba macho, kwa usalama zaidi. Akasema kumbe alikuwa na tamaa, kasi imezidi. Akaizima, akaishusha ngazi moja, wakaanza upya.

Safari hii namba zilipanda, zikatulia. Mashine ilivuma bila kukoroma. Adhana ya alasiri ilipolia, Mwahija alichungulia chini ya khanga, akakuta filamu imekamilika. Akapiga kigelegele peke yake, na fundi akaona afunge tu begi lake.

Ijumaa, wanawake wakajaa kwa Bi Maimuna mpaka jikoni. Rukia akakaa mkekani, mama yake pembeni, na Mwahija akaichomeka flashi kwenye televisheni. Wakacheka, wakanyoosheana vidole, kila mmoja akikana kwamba yule anayekata kiuno ni yeye.

Halafu pakaja mahali ambapo ngoma imepoa kidogo na Rukia, usoni amepakwa liwa ya singo, anainua kichwa na kutazama upande wa mlango. Anatazama kwa muda. Hakuna kinachotokea.

"Rudisha hapo," Bi Maimuna akasema. Mwahija akarudisha. "Rukia, mlangoni ulikuwa unatazama nini?"

Rukia akainamisha uso. "Nilikuwa nakutazamia wewe, mama. Nilijua umelazwa. Ila nikasema, labda atatokea."

Bi Maimuna akamvuta binti yake, akamlaza kichwa begani, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Basi nimeshafika," akasema. "Mwahija, mwanangu, irudishe mwanzo kabisa. Mlianza bila mimi."