Kovu Kwenye Sahani ya Tinplates

Verna Hudak alijaliwa masikio. Baba yake, aliyefanya kazi kwenye tanuru la chuma huko Youngstown, Ohio, alikuwa akisema binti huyo anasikia hata sukari ikiyeyuka kwenye chai ya jirani. Ndiyo maana alipomaliza shule mwaka 1965 akaajiriwa na kiwanda kidogo cha sahani za santuri kando ya reli, hakuna aliyeshangaa.

Zilikuwa zama za magitaa. Kila mtaa ulikuwa na vijana wanne wenye nywele za kufunika masikio, na kila wanne walitaka sahani yao. Kazi zao zilipita mikononi mwa Verna. Kwenye mtambo namba mbili aliweka lebo, akaweka donge la plastiki ya moto, akafunga kalibu iliyouchapa muziki juu yake, akahesabu hadi ishirini, akafungua. Hivyo hivyo kutwa nzima. Kila Ijumaa mfanyakazi aliruhusiwa kwenda na sahani moja nyumbani, na Verna hakuwahi kuacha yake. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1979 alikuwa na sahani mia saba, pamoja na mume aliyekwisha kuzoea kuishi kwenye kona iliyobaki.

Baadaye akawa mpishi wa shule, hadi akastaafu. Lakini kila majira ya kuchipua alikwenda kwenye maonyesho ya sahani za zamani katika ukumbi wa wazima moto. Alipita polepole kati ya meza, wakusanyaji wakiwa wameinamia sahani zao kwa miwani ya kukuzia, na kila mwaka hakukosekana mmoja wa kumuuliza, "Bibi, unamsubiri mzee?" Verna alitabasamu tu, akapita. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Mwaka 2011 waandaaji walimwalika Odell Pettiway, kinyozi mstaafu ambaye ujanani alipiga ngoma katika kundi la Tinplates. Kundi hilo lilitoa sahani moja tu, nakala mia tatu, mwaka 1966, kisha likasambaratika. Sasa sahani ile ilikuwa ikitafutwa hadi Japani. Odell akaja nayo imefungwa kwenye taulo, ili iwekwe mezani watu waione.

Aliyeipokea ni Bwana Thurlow, mtunzi wa kitabu cha kutambua sahani adimu ambacho wakusanyaji wote walikiamini. Akaigeuza chini ya taa, kisha akaiweka chini kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza.

"Pettiway, nani kakuuzia hii?"

"Kuuziwa? Kaka, mimi ndiye niliyepiga ngoma humo ndani!"

"Ngoma umepiga, sibishi. Ila sahani ni bandia. Tazama hapa karibu na lebo, kuna kovu kama ukucha. Yangu mimi, ile pale kwenye kasha la kioo, haina. Nimeandika, ukurasa wa mia mbili na nne: halisi haina kovu."

Watu wakasogea. Mmoja akacheka, "Jamani, mpiga ngoma kapigwa!"

Miaka arobaini na mitano Odell ameitunza sahani ile, leo anaitwa tapeli mbele za watu. Akaanza kuikunja taulo yake.

Verna akaweka mkoba wake mezani.

"Usiondoke, Odell. Hiyo si bandia. Hilo kovu ni langu."

Thurlow akamtazama juu ya miwani. "Lako kivipi, bibi?"

"Kibanio cha nywele. Kilinidondoka kwenye kalibu, mtambo ukafunga juu yake. Nikakitoa, nikaangalia, nikaona muziki haujaguswa, pameumia pale patupu tu. Msimamizi kaenda kunywa kahawa. Nikaendelea na kazi, na kila sahani iliyofuata ikatoka na kovu hilo. Nilikuwa na miaka ishirini, ulitaka nifukuzwe?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Hadithi tamu," Thurlow akasema. "Ushahidi?"

"Ushahidi umeufungia wewe kwenye kasha lako la kioo."

"Sahani yangu?"

"Hiyo hiyo. Asubuhi ile tulianza na mabaki ya sahani za watoto, plastiki nyekundu, tukaichanganya na nyeusi isipotee bure. Ilitosha sahani kama hamsini. Nikainuka kumimina gunia jipya, nyeusi tupu, na hapo ndipo kibanio kilipotoka kichwani. Kwa hiyo isiyo na kovu ni ya ule mchanganyiko wa kwanza. Imulike, bwana. Utaona nyekundu kama divai."

"Mama, sahani yangu ni nyeusi. Ninayo mwaka wa thelathini huu."

"Umeitazama. Umewahi kuimulika?"

Thurlow akafungua kasha, akaitoa sahani kwa ncha za vidole, akaiinua mbele ya taa. Mwanga ukapenya. Sahani ikawaka nyekundu, nzito, kutoka ukingoni hadi kwenye lebo. Ile ya Odell nayo ikainuliwa: nyeusi tii, haipitishi hata chembe ya mwanga.

Kelele zilizolipuka humo ndani ziliwafanya wazima moto waliokuwa uani waje mbio. Mtu akaiweka sahani yenye kovu kwenye santuri, gitaa likachana hewa, na Odell, mwenye miaka sitini na minne, akaipiga meza kwa viganja, pigo kwa pigo, bila kukosea. Verna alifumba macho. Alikuwa akiusikia mtambo wake.

Thurlow alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mwongo. Palepale alichomoa kalamu, akafungua ukurasa wa mia mbili na nne, akakata mstari wake mwenyewe.

"Jina lako linaandikwaje, mama?"

"Hudak. H, u, d, a, k. Na uandike mtambo namba mbili."

Mwaka uliofuata Verna hakupita kati ya meza. Alikuwa na meza yake, ya kupima sahani, imewekwa mbele ya jukwaa. Mkusanyaji kutoka Chicago akamletea moja iliyokuwa ingali kwenye nailoni yake, akijisifu. Verna akaichana nailoni, akaiweka kwenye santuri, akaisikiliza kwa sekunde tatu, akainua sindano.

"Baba, hii imetengenezwa juzi. Irudishe ulikoitoa. Anayefuata!"

Foleni ilifika mlangoni.