Jina la Msichana wa Pili

Madam Carol alikuwa akimtafuta mtu aliyekufa mwaka 1881. Marehemu huyo alikuwa nyanya wa nyanya yake, mke wa mkulima huko Iowa, katikati ya Marekani, na jiwe la kaburi lake liliandikwa maneno manne tu: "Mke wa Amos Tuttle". Ukiliona utadhani mwenyewe hakuwahi kuitwa hata mara moja, hata wakati wa chakula. Mwaka mzima wa 2008 madam alishinda kwenye kompyuta, na meza ya kulia ya villa yao ya Al Warqa, Dubai, ikajaa nakala za vyeti na daftari za sensa. Wangari, mfanyakazi wao kutoka Nyeri, alifuta vumbi kwa kuzizunguka. Sir alikula jikoni na hakulalamika, maana alimjua mkewe.

Asubuhi moja Wangari alimkuta madam analia kabisa, na miwani kaishika mkononi. Akamhurumia.

"Madam, huyo mama alikuwa na binti?"

"Mmoja. Ndiye aliyemzaa nyanya yangu."

"Na huyo binti alizaa wasichana wangapi?"

"Watatu. Nyanya yangu, halafu Phebe, halafu Alma."

"Khalas, basi! Mwenye kaburi ni Phebe," alisema Wangari, na kitambaa cha vumbi begani. "Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Wa pili hupewa la mama ya mama. Haijawahi kukosea."

Alisema kwa uhakika wa mtu anayeeleza jua linatokea wapi, kwa kuwa kwao Wakikuyu ndivyo ilivyo. Haikumpitia akilini kwamba watu wa Iowa wangeweza kuwapa watoto majina ovyo ovyo. Zaidi ya hayo, mwenyewe alikuwa akihesabu siku. Monicah, mtoto wake pekee, alikuwa na mimba ya pili. Msichana wa kwanza alikwisha kuchukua jina la mama ya Dancan, mume wa Monicah, kama inavyotakiwa. Huyu akiwa msichana, atakuwa Wangari. Miaka saba alikuwa Dubai, na mkataba wa sasa haukumruhusu kwenda nyumbani kabla ya miezi kumi na minne. Lakini Wangari mdogo atakuwa pale uani anakimbizana na kuku, na watu watamwita kutwa nzima. Hilo ndilo alilolitaka, na ninakuambia hakutaka jingine.

Madam alimsaka Phebe wiki tano. Aliandikia makanisa, akapigia simu wazee wasiomjua. Mwishowe katibu wa kanisa moja akajibu: kitabu cha ubatizo kilisema yule msichana alipewa jina la mke wa mchungaji, basi. Madam hakumlaumu mtu. Alifunga kompyuta akaenda kulala mchana.

Wangari aliona haya, kisha akakasirika kidogo. Watu gani hawa, wanamruka nyanya na kumwendea mke wa mchungaji! Kwao jambo hilo haliwezekani.

Ijumaa hiyo Monicah alipiga simu.

"Mama, nimejifungua. Ni msichana."

Wangari alipiga vigelegele hadi sir akachungulia. "Mpe Wangari mwenzangu simu nimsikie analia!"

Monicah alisema haraka, maana kadi yake ya simu ilikuwa inakwisha.

"Mama, tumemwita Nyambura."

Nyambura ni jina la Kikuyu la Teresiah, mdogo wake Wangari, aliyebaki na Monicah tangu mtoto huyo akiwa darasa la saba.

"Nani kasema? Ni Dancan?"

"Ni mimi. Mama, usikasirike. Yeye ndiye aliyenilea. Ndiye aliyekuwa nami juzi hospitalini, amenishika mkono."

Wangari angedai mila, lakini mila ingedaiwa na nani, naye yuko jikoni kwa watu? Angemchukia Teresiah, lakini ndiye aliyemwomba, kwa machozi, amwangalizie mtoto.

"Ni jina zuri," alisema. "Mnyonyeshe vizuri."

Simu ikakatika. Alibaki ameishika. Aliona uchungu, na hakujua aupeleke wapi, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyemkosea.

Madam aliingia, macho yamevimba kwa usingizi. Alikuwa amesikia vigelegele.

"Msichana?"

"Msichana, madam."

"Wa pili!" Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alichukua daftari lake, akaandika tarehe. "Angalau kwenu imekwenda sawa. Nikumbushe jina lako linavyoandikwa."

Wangari akamtajia, herufi moja moja, na madam akaandika.