Gari la Kurudishwa Kabla ya Isha

Mdogo wangu Zaidi hakuingia kwenye gari lolote kabla ya kulizunguka. Hata bajaji ya pale stendi Kibiti aliizunguka kwanza, akiinama kutazama matairi, dereva akimcheka. Magari ya kukodi ndiyo yaliyomzoesha. Huko Dar, kabla ya kupokea funguo, alipiga picha kila mkwaruzo, asije akalipishwa makosa ya mtu mwingine.

Gari lake mwenyewe hakuwa nalo. Alikodi siku moja tu, kila Idi, kwa ajili ya mama, ambaye miguu ilishamchoka na pikipiki hapandi. Alifika asubuhi, akampeleka Chumbi kwa mdogo wake mama, wakasimama kidogo Ndundu mama autazame mto. Alasiri walikuwa wamerudi kwangu Kibiti, naye keshaanza kutazama saa. Gari lilitakiwa Dar kabla ya Isha, tangi limejaa, limeoshwa.

Mimi nilitaka alale, usiku mmoja tu. Kitanda nilikitandika kila Idi, kwa shuka lile lile la maua.

Idi ya mwisho, alipokuwa anakagua chini ya viti, alitoa kikapu. Mama alikuwa amekificha: kamba wakavu wa Mbuchi. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu.

"Mama, wakisikia harufu wananitoza."

"Wana pua gani hao? Kamba hawali?"

"Wanakula, ila si ndani ya gari lao."

"Basi waambie ninayenuka ni mimi," mama akasema, akaingia ndani.

"Lala, Zaidi," nikamwambia. "Utalirudisha kesho."

"Nikichelewa nalipa siku nzima. Na hela ya hiyo siku ndiyo ya gari la Idi ijayo, dada."

Akaniachia kikapu mikononi. Akanusa vidole, akavisugua kwa mchanga, akalizunguka gari.

Hakuiona Idi nyingine. Aliugua ini, miezi minne tu, na gari lililomleta kuzikwa lilikuwa la kukodi pia. Sikumwona mtu aliyelizunguka.

Kikapu bado kinaning'inia jikoni kwangu. Mama haulizi, nami sikishushi. Siku ile ya Idi, gari likiwa limeshashika barabara, Zaidi alisimama, akashusha kioo, akaniita.

"Da Sihaba, hao kamba usiwale. Mara nyingine nakuja na basi, nilale, niondoke nao."