Kilo Moja na Nusu Iliyopotea Kwenye Hita Zangu

Siku ya thelathini na nane tangu mzigo wangu uzuiliwe, afisa wa forodha alileta mzani wa kupimia watoto wachanga, akaweka hita yangu ya maji juu yake.

Nikajua hapa sasa nachezewa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia, miaka kumi na sita ya kula chaki. Nikaacha, nikaagiza kontena moja la hita za bafuni, mia tatu na ishirini. Chuo cha wauguzi kilikubali kuzichukua zote kwa ajili ya mabweni, mradi zifike kabla wanafunzi hawajafungua. Zikichelewa wananunua kwingine, na mimi sina shule ya kurudi.

Kontena likafika, likazuiliwa.

"Tatizo nini?" nilimuuliza wakala wangu wa forodha.

"Mambo ya viwango tu, mwalimu. Wiki hii linatoka."

Wiki hiyo mpaka leo sijaiona.

Nilikaa kwenye benchi la korido ya forodha hadi mlinzi akawa ananiachia gazeti lake. Afisa mwenyewe alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba. Sisi wa benchi tulimwita Bi Rudi Kesho.

Cheti unacho? Ninacho. Cha maabara? Hiki hapa. Basi bado tunakagua, rudi kesho.

Nilichoka, jamani. Siyo miguu. Ni ile unafika nyumbani, mkeo anauliza "Vipi?", unaona hata kutamka "bado" ni kazi.

Sasa ndiyo siku ya mzani.

"Mwalimu, cheti chako kinasema hita iliyopimwa maabara ina kilo sita," alisema. "Hii ina nne na nusu. Nimepima ishirini, zote hivyo hivyo. Kilo moja na nusu imekwenda wapi?"

Uvumilivu ukaniishia.

"Mama, siku zote hizi unatafuta kilo? Hita kama hii ipo bafuni kwa mama yangu mzazi. Kiwanda kilinitumia moja kwanza, nikamfungia kwa mkono wangu. Miezi mitatu anaogea, na kila nikipiga simu ananiambia maji moto safi."

Hakubishana nami. Alichukua bisibisi, akafungua kifuniko taratibu.

"Njoo utazame. Si ulikuwa unafundisha fizikia?"

Nikatazama. Bamba la chuma la ndani halikuwepo. Waya wa kupeleka umeme ardhini, ambao hufungwa kwenye bamba hilo, ulikuwa unaning'inia tu. Umeme ukivuja humo, unashuka na maji hadi kwa anayeoga.

"Nani aliwaambia wapunguze?" akauliza.

Nilimjua. Ni mimi.

Cheti kilipokwisha kutoka, niliwaandikia kiwandani wapunguze uzito, maana msafirishaji wa kutoka kiwandani hadi bandarini alikuwa anatoza kwa kilo. Wakajibu, "Sawa, bosi," wakanitumia moja ya mfano, ile niliyomfungia mama. Sikuuliza wametoa nini. Nikachukua cheti cha hita ya zamani, nikaingizia hita mpya, wala sikuona kosa.

"Mpigie mama yako," afisa akasema.

Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, akapokea.

"Mama, leo umeoga?"

"Swali gani hilo, mwanangu?"

"Usiwashe ile hita. Nakuomba."

Nilisikia sufuria ikitua.

"Sijaiwasha tangu wiki ya kwanza," alisema. "Ilinirusha, baba. Niliangukia bega pale mlangoni. Siku hizi nachemsha maji jikoni."

"Na hukuniambia?"

"Uliacha kazi kwa ajili ya hizo hita. Ningeanzia wapi?"

Nililia mle ofisini, mtu mzima na mvi zangu. Bi Rudi Kesho aliinuka akafunga mlango ili watu wa benchi wasinione.

Mchana ule ule nilisaini fomu ya kuteketeza mzigo, hita zote. Chuo kikanunua kwingine. Sasa hivi natembeza barua za kuomba kazi, na walimu wakuu wananitazama kama mtoro aliyerudi.

Mnaoagiza mizigo, nisikilizeni. Ukibadilisha chochote kwenye bidhaa, hata skrubu moja, kile cheti si chako tena, kapime upya. Na mzigo ukizuiliwa, kabla hujatafuta mtu unayemjua mle ndani, uliza kwanza wameona nini. Mimi nilitukana mtu siku thelathini na nane, kumbe alikuwa anawalinda mabinti wa watu wasirushwe na umeme bafuni kwa mkono wangu.

Aliyeujua ukweli alikuwa mama, akanificha kwa kunionea huruma.

Mkono wake wa kushoto bado haupandi kupita bega. Nilimuuliza jana, akasema hauumi.