Majibu Yaliyovuka Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki moja ya Bungoma, nilikuta benchi limejaa watu wa Kitale. Msimamizi wa Kituo akanieleza: wa Kitale huja kupimwa Bungoma, wa Bungoma huenda Kitale, mradi wasikutane na majirani. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, jibu la kipimo cha virusi vya UKIMWI lilifichwa hata kwa shemeji. Hasa kwa shemeji.

Baadaye nilihamishiwa maabara yetu ya Kitale, chini ya Mkuu wa Mitambo, Mzee Juma, aliyeishi karibu na msikiti. Alinifundisha kazi bila kunikaripia hata mara moja. Sijapata bosi mwingine kama yule, na namkumbuka mpaka leo.

Damu ya Bungoma ilipimwa huko Kitale. Majibu yalirushwa hewani kutoka maabara hadi ofisi ya faili ng'ambo ya barabara, kisha yakatumwa Bungoma kwa laini ya simu. Hewani yalisimbwa, yaani yaligeuzwa yasisomeke bila ufunguo. Lakini usimbaji wa vifaa vile ulikuwa dhaifu. Kila pakiti, yaani kila kipande cha habari, ilifungwa kwa ufunguo uleule uliounganishwa na namba fupi, na namba fupi haikawii kujirudia. Mtu akikusanya pakiti za kutosha, programu yake inaupata ufunguo. Nilimweleza Mzee.

"Wewe Nasimiyu, si tuliweka paswadi ndefu?"

"Hata ikiwa ndefu aje, Mzee. Shida ni hiyo kufuli yenyewe."

"Ati mtu akae hapo nje akikusanya hewa? Haya, jaribu nione."

Asubuhi iliyofuata nilikaa na kompyuta yangu kwenye kibanda cha chai cha jirani. Kabla ya adhuhuri ufunguo ukapatikana, na jibu la kwanza kufunguka lilikuwa na jina la Mzee Juma mwenyewe. Alikuwa amekwenda kupimwa Bungoma kwa siri, na damu yake ikaletwa hapa hapa kwetu. Alikuwa na virusi.

Nilirudi maabara.

"Imefunguka, Mzee."

"Umeona majina?"

"Sikusoma. Nilizima mara moja."

"Asante, mama." Akaenda kuchomoa mtambo kwa mkono wake. Tangu siku hiyo majibu yalivuka barabara ndani ya bahasha, mpaka vifaa vipya vikaja.

Nilijivunia uongo ule kwa miaka, maana kazi yetu ilikuwa kutunza siri. Mzee akakonda taratibu, akastaafu mapema, akafa. Mazishini walisema ni kifua. Dawa za virusi zilikuwa zikitolewa bure wakati huo, lakini hakwenda kuzichukua, akiogopa kuonekana.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi Naitiri. Vijana wa kompyuta huja kuniuliza usimbaji upi ni imara, na nawajibu vizuri, kazi bado naijua. Ila ningerudishiwa siku moja tu, ningetaka ile. Ningesimama mbele yake niseme, "Mzee, nimeona. Kesho twende hospitali, mimi na wewe."